Betri ya gari imekufa: bima, waranti, huduma ya barabarani au mfuko wako?

Zamani kidogo nilifanya kazi kwa dalali mmoja wa bima hapa Dar es Salaam. Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, ufunguo wa gari mkononi, karatasi za bima kwenye pochi. Toyota IST yake ilikuwa imegoma kuwaka nyumbani Tabata, mbele ya geti, na watoto wameshachelewa shule.

"Mwanangu, mimi nakata bima kubwa kila mwaka. Leteni betri."

"Pole sana mama. Betri imekufaje?"

"Imekufa tu."

Hiyo "imekufa tu" ndiyo iliyomnyima. Bima ya gari imetengenezwa ili ilipe tukio: gari limegonga, limepinduka, limeungua, limeibwa. Betri nyingi hazifi kwa tukio lolote. Zinachoka taratibu hadi siku moja unazungusha ufunguo, unasikia "tik, tik", na taa za dashibodi zinafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Kifo cha namna hiyo bima haikitambui, ukate kubwa (inayolipa hadi gari lako mwenyewe), ukate ndogo (inayomlipa tu uliyemgonga).

Hata hivyo zipo betri ambazo bima inazilipa, zipo zinazolipwa na duka lililokuuzia, na zipo za kutoa mfukoni bila kumsumbua mtu. Anayesimama katikati bila kujua ampigie nani, ulinganisho huu ni wake. Nazungumzia zaidi Tanzania Bara ninapopajua, na Kenya pale mambo yanapofanana au kutofautiana waziwazi.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali yaleyale matano. Inakubali kifo cha aina gani: uzee, kasoro ya kiwandani, ajali, wizi, moto, maji? Ukishakatwa kila cha kukatwa, unabakiwa na nini? Wanataka karatasi gani? Gari litalala siku ngapi? Na la tano, ambalo watu hulikumbuka siku ya kuhuisha bima: ukilipwa leo, mwakani utagharimika nini?

Kwanza ujue imekufaje

Usiruke sehemu hii, maana njia zote zilizobaki zinaisubiri. Tafuta fundi umeme mwenye mita, au nunua mita yako, si ghali. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ya kawaida inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 imeisha chaji, na kuisha chaji si kufa. Ichaji kwanza ndipo uihukumu.

Kisha washa gari, hata kwa kuboost, upime tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji vizuri. Chini ya 13, betri inasingiziwa, mwenye kosa ni altaneta au mkanda wake. Juu ya 15, altaneta inaipika betri, na ukinunua mpya itapikwa vilevile.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Ikigoma kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku mzima, mara nyingi chumba kimoja kimekufa. Kwa betri ya maji fundi anafungua vifuniko na kuvuta asidi kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, chumba baada ya chumba. Vyumba vitano vikipanda hadi karibu 1.265 na kimoja kikabaki 1.100, hapo una hoja ya kumpelekea muuzaji. Vyote sita vikiwa chini sawasawa, betri haikuchajiwa au kuna kitu kinainyonya gari likiwa limezimwa, aghalabu kifaa cha ufuatiliaji, alamu au redio iliyofungwa ovyo.

Joto nalo lihesabu. Ulaya watu hulaumu baridi kwa sababu asubuhi ya barafu ndipo gari linapogoma, lakini kinachokula betri ni joto. Linaharakisha kutu ya vyuma vya ndani na kukausha maji. Kwa Dar, Mombasa au Tanga, betri iliyofikisha miaka miwili hadi mitatu imefanya kazi yake. Ikifa katika umri huo bila sababu nyingine, andika "uzee" na uendelee kusoma ukijua hivyo.

Njia ya kwanza: bima kubwa

*Inakubali kifo gani.* Mkataba wa bima kubwa una kurasa za yanayolipwa na kurasa za yasiyolipwa, na betri iliyochoka inaishi kwenye hizo za pili, mara nyingi bila hata kutajwa jina. Tafuta sentensi inayotaja uchakavu, kushuka thamani, na kuharibika kwa mitambo au umeme. Mikataba yetu mingi imeandikwa Kiingereza kigumu. Mwambie wakala akusomee ukurasa huo mmoja kwa Kiswahili kabla hujamlipa, na usione haya.

Mkataba huohuo unalinda gari pamoja na vifaa na spea vilivyomo. Kwa hiyo ukigongwa pembe ya mbele, pale betri ya magari mengi madogo inapokaa nyuma ya taa, betri iliyopasuka inaingia kwenye hesabu ya matengenezo pamoja na bampa, taa na boneti. Gari likiungua, betri imeungua nalo. Likiibwa, limeondoka na betri yake.

Katikati kuna maeneo ya ukungu, na hapa ndipo watu hugombana na ofisi ya madai. Wezi wamefungua boneti wakabeba betri peke yake: baadhi ya mikataba inalipa wizi wa vifaa hadi kikomo fulani, mingine inataka gari zima liwe limeibwa. Maji ya mvua yamelifunika gari: mafuriko huenda yamo kwenye mkataba wako, huenda ni nyongeza inayolipiwa, na Wakenya wengi waligundua walichokikata mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipowafika. Shoti imeanzia kwenye waya wa betri: kifaa kilichoharibika chenyewe kwa kawaida hakilipwi, ila moto uliozaliwa na shoti hiyo ni moto, nao unadaiwa kama moto mwingine.

Na kuna lile la fundi wa mtaani aliyeunganisha waya za kuboost kinyume, chanya kwa hasi, akachoma kontroli boksi, kompyuta ya gari. Jirani yangu lilimkuta. Alikwenda kudai akiamini hiyo ni ajali, akajibiwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Alilipa mwenyewe, na kontroli boksi iligharimu mara kadhaa ya bei ya betri.

*Unabakiwa na nini.* Tuchukue mfano wa eksesi, ule mchango wako wa kwanza katika kila dai. Tuseme mkataba unataka uchangie asilimia 10 ya dai, na si chini ya shilingi 250,000. Betri iliyoibwa ina bei ya 200,000. Umeandika maelezo, umehangaika polisi, dai limekubaliwa, umeshinda. Malipo yako ni sifuri. Sasa chukua ajali ya shilingi 3,000,000 ambayo betri ni kipande kimoja tu cha hasara: unachangia 300,000, bima inabeba 2,700,000, na betri imo humo. Betri ikiwa peke yake inazama chini ya eksesi. Ikiwa ndani ya ajali kubwa inavuka pamoja na wenzake.

Mkadiria hasara pia anaweza kukukata tofauti ya mpya kwa kuukuu. Betri yako ilikuwa na miaka miwili na nusu, unapewa mpya kabisa, hivyo anataka uchangie ule upya. Haki yake, lakini uliza amefikaje kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu ada yenyewe, kwa viwango vilivyozoeleka Bara gari binafsi hukatiwa bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake, kisha VAT. Gari la milioni 15 linatoa 525,000, na kwa VAT ya asilimia 18 inafika 619,500. Sijawahi kuona mtu mwenye akili timamu akikata bima kubwa kwa ajili ya betri, ila ukiwa unayo tayari, ijue inakofika.

*Karatasi.* Fomu ya madai, nakala ya leseni na kadi ya gari, ripoti ya polisi (Kenya ni abstrakti), picha, na makadirio ya gereji. Usiruhusu gereji ifungue chochote kabla mkadiria hasara hajaliona gari. Betri iliyokwisha kutupwa haidaiwi.

*Muda.* Siku hadi wiki. Kwa ajali kubwa unavumilia. Kwa betri pekee, utakuwa umepanda bodaboda mpaka nauli inakaribia bei ya betri yenyewe.

*Mwakani.* Punguzo la kutodai, lile la ada analopewa asiyedai, linaweza kushuka au kufutika. Ukidai kitu kidogo leo unaweza kukilipia polepole kwenye ada ya mwaka ujao.

*Inamfaa nani.* Mwenye betri iliyokufa ndani ya tukio kubwa: ajali, moto, wizi wa gari, au mafuriko kama yamo kwenye mkataba. Kenya makampuni mengi huuza nyongeza ya kufuta eksesi. Kwa mwenye nayo hesabu ya juu inabadilika, ingawa suala la punguzo bado lipo.

Njia ya pili: bima ndogo

*Inakubali kifo gani.* Cha betri yako, hakuna. Bima ndogo ndiyo ile ya lazima kisheria, Tanzania kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, Kenya kwa Sura ya 405. Inamlinda mtu uliyemgonga au kumharibia mali. Gari lako halimo. Kuna ya kati pia, inayoongeza moto na wizi, na kwa betri inakwenda kama bima kubwa kwenye mambo hayo mawili tu.

Kuna mlango ambao wengi hawauoni. Ukigongwa na mwenzako mwenye makosa, *wewe* ndiye mtu wa tatu kwenye bima yake. Betri yako iliyopasuka inaweza kulipwa na bima ndogo ya aliyekugonga. Nimeona watu wakikubali "tuyamalize hapahapa" kwa elfu hamsini barabarani, kesho yake wanagundua betri inavuja asidi juu ya chasisi.

*Unabakiwa na nini.* Kwa gari binafsi Bara ada iliyozoeleka ni 100,000 na VAT, jumla 118,000. Ukidai kwa aliyekugonga, eksesi ya mkataba wako haikuhusu.

*Karatasi.* Kila kitu kinasimama juu ya polisi: trafiki afike, apime, ramani ya ajali ichorwe, mwenye kosa ajulikane. Piga picha ya namba ya gari lake, uhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kama bima ipo kweli. Stika za kughushi zilikuwepo, ndiyo sababu mfumo huo ukawepo.

*Muda.* Mrefu kuliko bima kubwa, kwa sababu unaifukuzia kampuni ambayo wewe si mteja wake.

*Mwakani.* Ukilipwa na bima ya mwenzako, rekodi yako haiguswi.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la thamani ndogo anayejiwekea akiba, na yeyote aliyegongwa akiwa hana kosa.

Njia ya tatu: waranti ya betri

Ningekuwa na uwezo, ningebandika kibandiko kwenye kila boneti: *kadi ya waranti iko wapi?* Watu wanaikimbilia bima, ambayo haihusiki, huku waranti iliyo hai imelala ndani ya gari.

*Inakubali kifo gani.* Kasoro ya kiwandani ndani ya muda ulioandikwa. Muda unatofautiana, miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, na huwa mfupi kwa teksi na magari ya biashara. Chumba kimoja kilichokufa wakati vingine vizima ndicho kisa chenyewe. Yasiyokubalika ni haya: ganda lililopasuka au kuvimba, teminali iliyoyeyuka, betri iliyoishiwa maji, iliyoongezwa asidi badala ya maji safi ya betri, iliyopikwa na altaneta mbovu, na betri isiyolingana na gari. Betri ya saizi ndogo, NS40, iliyobebeshwa gari la saizi kubwa zaidi, NS60, itachoka mapema, na muuzaji ataona kwa macho tu.

Hapo niongeze kuhusu "betri kavu". Hilo ni jina la mtaani la betri iliyofungwa kabisa. Ndani yake asidi imo kama kawaida, ila huwezi kuifungua na kupima chumba kimoja kimoja. Kwa hiyo duka hutumia kipimo chao cha mzigo, na wewe unabaki kuamini mashine yao. Omba upime pamoja nao, karatasi ya majibu ichapishwe ukiwa hapo.

*Unabakiwa na nini.* Kuna waranti za aina mbili na kadi nyingi haziziweki wazi. Moja inakupa betri mpya kabisa. Nyingine inakata miezi uliyotumia: betri ya 200,000 yenye waranti ya miezi 12 ikifa mwezi wa tisa, unapewa thamani ya miezi mitatu, yaani 50,000 tu ya kupunguza bei ya mpya. Uliza ni ipi *kabla* ya kulipa. Uliza pia kama betri ya kubadilishiwa inakuja na waranti yake au inarithi siku zilizobaki.

*Karatasi.* Risiti na kadi yenye muhuri, tarehe, namba ya betri na namba ya gari. Kadi isiyojazwa ni kadi ya harusi iliyopita. Linganisha namba ya kadi na iliyogongwa kwenye ganda ukiwa bado dukani. Ukinunua Gerezani au Nairobi barabara ya Kirinyaga kwa mtu aliyesimama kando ya gari lako badala ya duka, bei itakuwa nzuri na waranti itakuwa namba ya simu.

*Muda.* Siku moja hadi chache, maana wengi huichaji kwanza saa 24 kabla ya kuitolea hukumu. Omba betri ya kuazima, baadhi ya maduka huwa nayo.

*Mwakani.* Hakuna athari yoyote.

*Inamfaa nani.* Kila aliyenunua betri mpya dukani ndani ya mwaka. Yule mama wa Tabata alikuwa mmoja wao. Tulifungua kiboksi cha mbele ya gari, kadi ilikuwa chini ya rundo la risiti za mafuta, betri ikiwa na miezi minane. Chumba cha nne kilikuwa kimekufa.

Njia ya nne: huduma ya barabarani

*Inakubali kifo gani.* Chochote, hata uzee, lakini inakulipia *kuja*, haikulipii betri. Watakuboost, watakuvuta hadi gereji, pengine watakuuzia betri hapohapo kwa bei yao. AA ya Kenya imekuwepo tangu 1919 na wanachama wake hulipa kwa mwaka. Kwingine huduma hii inauzwa kama nyongeza juu ya bima kubwa.

*Unabakiwa na nini.* Umeokoa gharama ya kuvutwa. Soma idadi ya safari kwa mwaka na umbali wa kuvutwa bure, na kama wanafika unakoishi. Huduma inayoishia mjini haimsaidii aliyekwama kati ya Chalinze na Segera saa tatu usiku.

*Karatasi.* Namba ya uanachama au ya bima, basi.

*Muda.* Dakika au saa, kutegemea uko wapi. Hapa ndipo inapozishinda njia nyingine zote.

*Mwakani.* Kuboostiwa kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa dai la bima, lakini pata jibu hilo kwa maandishi.

*Inamfaa nani.* Anayesafiri mikoani, anayeendesha usiku, mwenye gari la automatiki (ambalo halisukumwi likawaka), na mzee au mama mwenye watoto asiyetaka kufungua boneti mbele ya vijana asiowajua.

Njia ya tano: mfuko wako

*Inakubali kifo gani.* Vyote. Haibishani.

*Unabakiwa na nini.* Betri ya 200,000 iliyodumu miezi 30 imekugharimu chini kidogo ya 6,700 kwa mwezi. Ukiiweka kando kwenye simu tangu siku uliyofunga betri mpya, kifo cha betri kinakuwa shughuli ya saa moja. Ya zamani usiitupe wala kuiacha kwa fundi kama zawadi. Risasi iliyomo ina bei, na maduka mengi hukupunguzia ukiirudisha.

Mfuko wako pia ndio unaofaidi matunzo. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye teminali unaweza kuigomesha gari yenye betri nzima. Fungua hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya, kausha, rudisha chanya kwanza, paka grisi. Nimeona watu wakiuziwa betri mpya kwa sababu ya ukoko huo.

*Karatasi.* Risiti, maana ndiyo inayofungua ile njia ya tatu. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa: betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeshazeeka nusu. Na teminali ziwe upande sahihi, la sivyo waya hazifiki.

*Muda.* Saa moja, foleni ikiruhusu.

*Mwakani.* Punguzo lako la bima liko palepale.

*Inamfaa nani.* Kila ambaye betri yake imekufa kwa uzee, na kila ambaye bei ya betri iko chini ya eksesi yake.

Mwenye haibridi asimame hapa

Aqua na Prius, magari ya Toyota yanayotumia petroli na umeme, zina betri mbili, na swali la bima linabadilika uzito. Ile ndogo ya volti 12 inafuata kila nilichosema juu. Ikiisha, gari halifikii READY, ile taa ya kwamba liko tayari kuondoka, na wenye gari wengi huambiwa "betri kubwa imekufa" wakati iliyokufa ni ndogo. Hakikisha hilo kabla hujauza shamba.

Ile kubwa ni mambo mengine. Kwa Aqua ya kizazi cha kwanza ni moduli 20 zinazofikisha volti 144, kwa Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni moduli 28 zinazofikisha 201.6. Kuibadili ni mamilioni. Uchakavu wake bima hailipi, kama isivyolipa wa ile ndogo. Waranti ya kiwandani aliyokuwa nayo mwenye gari wa kwanza Japani usiitegemee huku. Lakini ajali ya nyuma, moto, wizi au mafuriko yaliyomo kwenye mkataba yanaweza kuigusa, na hapo eksesi haimezi dai, kwa hiyo bima kubwa inaanza kuwa na maana halisi.

Angalizo moja tu: thamani uliyoandikisha. Ukiandika gari la milioni 20 kuwa la milioni 10 ili ada ipungue, siku ya dai unaweza kulipwa nusu ya hasara, kwa sababu ulikata bima ya nusu ya gari. Dai la haibridi likikataliwa kwa sababu usiyoielewa, linastahili kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima huko. Kwa betri ya laki mbili usijisumbue.

Na fundi akusafishie chujio la feni ya betri hiyo, lililo upande wa kiti cha nyuma. Vumbi likiziba, betri inapata joto, na joto tumeshaliongelea.

Uamue vipi, kulingana na hali yako

Betri ina chini ya mwaka na haijagongwa: waranti. Kapekue kadi kabla ya kupiga simu nyingine yoyote.

Betri ina miaka miwili na zaidi, gari lilikuwa zima: nunua, rudisha ya zamani upunguziwe, bima usiiguse.

Umegonga mwenyewe na una bima kubwa: betri iingizwe kwenye makadirio yaleyale ya ajali. Mkumbushe anayeandika, wengi huiruka kwa sababu taa bado zinawaka.

Umegongwa: bima ya aliyekugonga, hata kama yako ni ndogo. Trafiki kwanza.

Betri imeibwa peke yake: soma kikomo cha wizi wa vifaa, kisha toa eksesi kwenye kile wanachokubali kulipa. Kilichobaki kikiwa kidogo, toa taarifa polisi kwa ajili ya kumbukumbu, nunua, na ufunge kitasa cha boneti. Usishawishike kusema gari zima liliguswa. Udanganyifu mmoja unaweza kuua mkataba wote.

Gari ni la teksi ya programu au la kubeba mizigo: hakikisha bima na waranti vyote vimeandikwa "biashara". Karatasi za gari binafsi zinaweza kukataliwa siku ya dai.

Unasafiri mwezi mzima na gari linabaki nyumbani: fungua waya wa hasi, au mwachie kijana wa nyumbani aliendeshe nusu saa kila wiki. Kuliungurumisha dakika tano pale uani hakurudishi hata chaji iliyotumika kuwasha.

Umekwama sasa hivi, usiku, barabara kuu: huduma ya barabarani kama unayo. Kesho asubuhi ndiyo ya kuuliza imekufaje.

Na kama hii ni betri ya pili kufa ndani ya miezi mitano, acha kulinganisha hizo njia tano. Pima altaneta, kisha zima gari, ondoa ufunguo, na fundi aweke mita kati ya teminali ya hasi na waya wake aone ni nini kinaendelea kunywa umeme. Kwa IST ya mama wa Tabata, mwaka uliofuata, kilikuwa redio mpya aliyofungiwa na mpwa wake.